Msanii Aliyehama: Neno, Soko na Suala la Uaminifu katika Mfano wa Rapa Chamillionaire

1.0 Utangulizi

Suala la deni la msanii kwa jamii yake ni kongwe katika uhakiki wa fasihi. Plato, katika Jamhuri, aliwaogopa washairi kiasi cha kupendekeza wasipokelewe katika dola yake bora, na hofu hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba aliamini neno lao lina nguvu. Sartre naye, mnamo mwaka 1947, alishikilia kwamba anayeandika nathari hawezi kujitenga na wakati wake, ingawa aliwasamehe washairi mzigo huo. Hapa kwetu, tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini Desemba 1977 kufuatia mchezo wa Kamĩrĩĩthũ, uwajibikaji umekuwa mojawapo ya vigezo vikuu vya kumpima mwandishi. Hata hivyo, mijadala hii yote inamchukulia msanii kama mtu atakayebaki msanii hadi kaburini. Inauliza atunge nini na amtungie nani. Ni nadra kuuliza: je, ana haki ya kuacha kutunga?

Mwandishi wa makala haya alilazimika kulikabili swali hili katika semina ya uzamili. Mwanafunzi mmoja, ambaye wenzake walikuwa wamezoea kumsikiliza akighani mashairi yake mwenyewe, alitangaza kwamba ameajiriwa na kampuni ya mawasiliano na kwamba hatatunga tena. Mwenzake akamwita msaliti. Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Aliuliza: "Nikiacha, nitakuwa nimemwibia nani?" Semina iliisha pasipo jibu, na makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Tutalijadili swali hilo kwa kuuchunguza mfano wa rapa wa Marekani, Hakeem Seriki, anayefahamika kwa jina la kisanaa Chamillionaire. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwa uwazi hatua tatu ambazo wasanii wengi wa neno wa zama hizi hupitia kwa viwango mbalimbali: kujitegemea, kufaulu katika soko kubwa, na kuhamia teknolojia. Pili, wimbo uliompa umaarufu una maudhui ya haki ya kijamii, kwa hiyo hatuwezi kulikwepa suala la maadili kwa kudai kwamba tangu awali alikuwa mtumbuizaji tu. Tunachukua msimamo kwamba rapu ni utendi wa neno wenye vina, urari na mbinu za majibizano, na kwamba inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki ushairi simulizi mwingine.

2.0 Safari ya Msanii kwa Ufupi

Seriki alizaliwa mwaka 1979 jijini Washington, baba yake akiwa na asili ya Nigeria, na akalelewa Houston, Texas. Houston ya miaka ya 1990 ilikuwa mbali na New York na Los Angeles, miji iliyokuwa na kampuni kubwa za kurekodi. Umbali huo uliwafundisha wasanii wake kujitegemea. DJ Screw, aliyefariki mwaka 2000, alikuwa amejenga hadhira kubwa kwa kuuza kanda alizozirekodi mwenyewe, akiupunguza mwendo wa muziki hadi sauti ya mwimbaji ikawa nzito na ya kuvutika. Kanda hizo zilipita kutoka gari hadi gari. Ni katika mazingira hayo ambapo Chamillionaire na mwenzake Paul Wall walianza kusikika kupitia kanda za kundi la Swishahouse, na mwaka 2002 wakatoa kwa pamoja albamu ya Get Ya Mind Correct chini ya kampuni ndogo ya mjini humo.

Baada ya wawili hao kutengana, Chamillionaire alianza mfululizo wa kanda za mchanganyiko alizoziita Mixtape Messiah. Ya kwanza ilitoka mwaka 2004 na ya saba mwaka 2009. Nyingi kati yake aliziachia hadhira bila malipo kwa njia ya intaneti. Msomaji aliyezoea malumbano ya malenga wa Mombasa na Lamu hatapata shida kuelewa kanda hizi zilivyofanya kazi. Rapa huchukua mdundo wa mwingine, kama malenga anavyochukua kina cha mpinzani wake, akaonyesha kwamba anaumudu zaidi ya mwenyewe; humtaja hasimu, humjibu, humdhihaki, na hadhira ndiyo huamua nani kashinda.

Mwaka 2005 alitoa The Sound of Revenge kupitia kampuni ya Universal. Juni 2006, wimbo wa Ridin', alioshirikiana na Krayzie Bone, ulishika nafasi ya 1 katika chati ya Billboard Hot 100, na Februari 2007 ukapata tuzo ya Grammy. Albamu yake ya pili, Ultimate Victory, ilitoka mwaka huohuo. Albamu ya tatu, Venom, ilitangazwa ikaahirishwa mara kadhaa na mwishowe haikutoka. Mwaka 2011 aliachana na Universal, akatoa kazi fupi chache za kujitegemea, kisha akageukia uwekezaji. Aliweka fedha katika Maker Studios, kampuni ya video za intaneti ambayo Disney iliinunua mwaka 2014, na vilevile katika Lyft, kampuni ya usafiri kwa njia ya programu ya simu, ilipokuwa bado changa. Mwaka 2015 alijiunga na Upfront Ventures ya Los Angeles, mojawapo ya makampuni yanayofadhili biashara changa za teknolojia. Baadaye alianzisha programu yake mwenyewe, Convoz, ya mazungumzo kwa njia ya video.

3.0 Kinyonga na Milionea

Kabla ya kuyachunguza mashtaka dhidi yake, inafaa tulitazame jina. Chamillionaire ni muungano wa maneno mawili, kinyonga na milionea. Kinyonga anaashiria umahiri: rapa huyu anaweza kuimba kiitikio chake mwenyewe, kubadili kasi, kupanda na kushuka kwa sauti kiasi kwamba msikilizaji hudhani kuna waimbaji wawili. Milionea anaashiria azma. Jina hili, basi, ni tangazo la mapema. Mtu aliyejiita hivyo akiwa bado anauza kanda mitaani hakumficha yeyote alikokusudia kwenda.

Katika utamaduni wa Waswahili kinyonga hana sifa njema. Anayeitwa kinyonga ni kigeugeu, mtu asiye na rangi yake. Aidha, katika masimulizi ya chanzo cha kifo yanayopatikana miongoni mwa jamii kadhaa za Kibantu, wakiwemo Wazulu, kinyonga ndiye mjumbe aliyetumwa kuwaambia wanadamu kwamba hawatakufa. Alitembea polepole mno, mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo, na watu wakaishika ile iliyofika kwanza. Masimulizi hayo hayamlaumu kinyonga kwa kubadilika rangi. Yanamlaumu kwa sababu alibeba ujumbe na ujumbe haukufika. Tofauti hii ni ya msingi katika hoja yetu. Kubadilika ni jambo moja, na kuupoteza ujumbe uliokabidhiwa ni jambo jingine. Wanaomshutumu msanii aliyehama huyachanganya mambo haya mawili.

4.0 Shtaka la Kwanza: Kuliuza Neno

Shtaka la kwanza ni kwamba msanii aliliuza neno lake, na kwa kuliuza akaliua. Adorno na Horkheimer, katika miaka ya 1940, walieleza jinsi tasnia ya utamaduni inavyomeza hata upinzani na kuutoa upande wa pili kama bidhaa isiyomdhuru mtu. Ridin' unaelekea kuwa mfano mwafaka wa nadharia hiyo.

Tuutazame wimbo wenyewe. Unasawiri dereva kijana mweusi anayefuatwa na polisi barabarani, polisi ambao wamekwisha kuamua kwamba ana hatia na sasa wanaitafuta. Msemaji wa wimbo si malaika, na wimbo haudai kwamba ni malaika. Hoja yake ni kwamba anashukiwa kabla ya kutenda, kwa sababu ya rangi yake, gari lake na muziki unaotoka ndani ya gari hilo. Mdundo hauombolezi, unasonga kwa mwendo wa gari lenyewe, na majigambo ya msemaji ni silaha ya mtu ambaye hana nyingine. Anayedhani kwamba maudhui haya ni ya kubuni tu anapaswa kukumbuka kisa cha Sandra Bland. Julai 2015, katika Kaunti ya Waller isiyo mbali na Houston, mwanamke huyu mweusi alisimamishwa na askari kwa kubadilisha njia barabarani bila kuonyesha ishara. Mabishano yakafuata, akakamatwa, na siku 3 baadaye akakutwa amekufa katika seli. Wimbo ulikuwa na umri wa karibu miaka 10.

Sasa tuutazame wimbo sokoni. Mwaka 2006 biashara ya milio ya simu ilikuwa imeshamiri nchini Marekani, na Ridin' ndio uliouzwa kuliko yote mwaka huo kwa umbo hilo, zaidi ya nakala milioni 3. Wakati wimbo mzima ulipatikana kwenye duka la iTunes kwa senti 99, sekunde zake chache zilizokatwa kuwa mlio wa simu kwa kawaida ziliuzwa kwa zaidi ya dola 2. Mnunuzi alilipa zaidi ili apate kidogo. Na hicho kidogo alichopata kilikuwa kiitikio, ambacho kinataja chuki ya wanaotazama na nia yao ya kumnasa dereva, lakini hakisemi wanaotazama ni akina nani. Polisi wamo katika beti. Simu ya mwanafunzi wa kizungu katika mji ambao polisi hawamfuati mtu iliweza kulia kwa wimbo wa kufuatwa na polisi, na mwenye simu asijue. Mwaka huohuo mchekeshaji Weird Al Yankovic alitoa mwigo wa wimbo huo kuhusu kijana wa kizungu mpenda kompyuta, kwa ridhaa ya Chamillionaire, na mwigo ukaingia katika nafasi 10 za juu za chati. Baadaye kiitikio kikawa dhihaka ya kawaida ya intaneti, kikibandikwa kwenye picha ya yeyote aliyeketi juu ya kitu chenye magurudumu.

Je, huku ni kuliua neno? Tusikimbilie kujibu. Kukatwa kwa neno hakukuanza na simu. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nyimbo ambazo zingeweza kuendelea kwa muda mrefu barazani zililazimika kutoshea dakika takriban tatu za upande mmoja wa santuri. Tungo za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya. Kumbukumbu nayo hukata, na msitari mmoja huweza kubaki kama methali huku ubeti wake ukisahaulika. Walter Benjamin, katika insha yake maarufu ya miaka ya 1930, alikubali kwamba uzalishaji wa kimashine unaiondolea kazi ya sanaa haiba ya upekee wake, lakini aliona pia kwamba unaipeleka mahali ambapo isingefika. Hivyo basi, kukatwa peke yake si kosa. Swali la kimaadili ni: nani ameshika kisu, na anakata kwa kigezo gani?

Jamii inapokata, hubakiza kile inachokihitaji ili kuishi. Soko linapokata, hubakiza kile kinachouzika kwa wengi zaidi, na kinachouzika kwa wengi aghalabu ni kile kisichomkera yeyote. Hapa ndipo nadharia ya Adorno na Horkheimer ina uzito. Lakini inakosea inapodhani kwamba kilichokatwa kimekufa. Beti za Ridin' hazikufutwa. Ziko palepale zilipokuwa, na umaarufu wa kiitikio ndio uliowafikisha kwake wasikilizaji ambao wasingezisikia kamwe. Mlio wa simu ulikuwa mlango; wapo waliosimama mlangoni, wapo walioingia. Hatuwezi kumtoza msanii hatia ya waliosimama mlangoni.

Tunachoweza kumuuliza ni alifanya nini baada ya kugundua nguvu aliyonayo. Jibu limo katika Ultimate Victory ya mwaka 2007. Albamu hiyo haina tusi hata moja, jambo lisilo la kawaida katika utanzu wake, na ilitoka katika mwaka ambao lugha ya rapu ilikuwa mada ya mjadala mkali nchini Marekani. Julai mwaka huo chama cha NAACP kilifanya maziko ya kiishara ya neno la kuwadhalilisha watu weusi jijini Detroit. Katika wimbo wa Hip Hop Police, alioshirikiana na Slick Rick, rapa mwenyewe ndiye mshukiwa, na kesi yake ni maneno yake. Taswira ya polisi imehama kutoka barabarani hadi ndani ya sanaa. Huyu si msanii aliyelewa sifa za soko. Ni msanii anayejihoji. Mauzo ya albamu hiyo hayakufikia yale ya kwanza. Anayedai kwamba Chamillionaire aliufuata mkondo wa fedha tu hana budi kueleza kwa nini, akiwa kileleni, alijifunga kwa masharti ambayo soko halikuyadai.

Kwa hiyo shtaka la kwanza, kwa maoni yetu, halithibitiki. Kuliuza neno si kulisaliti maadamu mtunzi hajaibadili maana yake ili liuzike.

5.0 Shtaka la Pili: Kuliacha Neno

Shtaka la pili ni zito zaidi. Linasema: huyu alikuwa na kipawa, alikuwa na hadhira, alikuwa na jambo la kusema, na akanyamaza.

Historia ya fasihi inamfahamu mtu wa namna hii. Arthur Rimbaud aliacha ushairi kabla ya kutimiza miaka 21 na kuishia Aden na Harar akifanya biashara ya kahawa na bunduki hadi alipougua na kufa mwaka 1891. Wahakiki wa Ufaransa wamekuwa wakiomboleza mashairi ambayo hakuyaandika. Maombolezo hayo yana kasoro ya kimantiki ambayo ni muhimu tuibainishe. Ili niseme kwamba nimeibiwa, sharti kwanza kile kilichochukuliwa kiwe changu. Shairi ambalo halijatungwa si mali ya yeyote. Tukisema kwamba kipawa cha mtu ni mali ya jamii, tumesema kwamba mwenye kipawa ni chombo, na Kant alitufundisha kwamba kumtendea mtu kama chombo tu ni kumvunjia utu. Ni ajabu kwamba tunalisema jambo hili kuhusu washairi bila kusita, ilhali tungeliona kuwa dhuluma tukilisema kuhusu wakulima.

Kuna jibu la kimapokeo kwa hoja hiyo. Katika jamii zetu, mtaani atasema, kipawa hakikuwa cha mtu binafsi: malenga alifundishwa na wakongwe, alitumia lugha aliyoikuta, alilishwa na waliomsikiliza. Aliyelelewa na baraza ana deni kwa baraza. Hoja hii ina ukweli, na katika mfano wetu ina uzito maalumu. Chamillionaire hakujitokeza kutoka pasipo kitu; alitokana na mfumo wa Houston wa kanda na magari, na wa mashabiki waliolipa kabla Universal haijajua jina lake. Lakini tunapaswa kuuliza deni hilo hulipwa kwa sarafu gani. Mtoto aliyesomeshwa na ukoo haambiwi arudishe ada kwa kubaki shuleni milele. Anaambiwa asiusahau ukoo. Deni la malezi hulipwa kwa kulea.

Zaidi ya hayo, ukimya una sababu zake. Venom ilibaki ndani ya makabati ya kampuni kwa muda mrefu, na mtunzi ambaye kazi yake haitoki mpaka mwingine aamue si huru, hata awe na tuzo kabatini. Msanii aliyeanza kwa kurekodi na kusambaza kazi zake mwenyewe alifika kileleni na kukuta kwamba amekabidhi funguo. Hapa ndipo kuhama kwake kunapoanza kueleweka kama hatua ya kifikra na si ya fedha tu. Alikuwa amejionea kwamba aliye na chombo cha kusafirishia neno ndiye anayeamua safari ya neno. Kuwekeza katika kampuni ya video za intaneti, kisha kuunda programu ya mazungumzo, ni kuhamia upande wa mwenye chombo. Hapa kwetu, ambapo wasanii wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mgawo wao katika mapato ya miito ya simu, hoja hiyo haihitaji kufafanuliwa.

6.0 Madereva Wawili

Laiti makala haya yangeishia hapo, tungekuwa tumemtetea msanii wetu kwa urahisi. Lakini uaminifu wa uhakiki unatudai hatua moja zaidi.

Wimbo uliomjengea jina unamhusu dereva. Kampuni ambayo ni sehemu ya sifa zake kama mwekezaji, Lyft, utajiri wake unatokana na madereva. Kinaya hiki hatukukibuni; kimo katika maisha yenyewe. Dereva wa wimbo anatazamwa na polisi. Dereva wa programu anatazamwa na simu yake, inayojua alipo, inayompangia abiria, inayopokea alama anazopewa na abiria hao, na inayoweza kumfungia kazi. Kwa miaka kadhaa jimbo la California lilibishania iwapo madereva hao ni wafanyakazi au ni watu waliojiajiri. Novemba 2020 wapiga kura waliidhinisha Pendekezo la 22, lililowaweka katika kundi la pili na hivyo kuwanyima stahiki nyingi za mfanyakazi. Makampuni ya programu yalitumia zaidi ya dola milioni 200 katika kampeni hiyo, na Julai 2024 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo ikaiacha sheria isimame. Madereva wa teksi za programu jijini Nairobi, ambao nao wamegoma mara kadhaa kudai malipo ya haki, wangeufuatilia mjadala huo bila kuhitaji mkalimani.

Hatudai kwamba mwekezaji mmoja wa awali ndiye aliyeamua sera za kampuni. Tunasema tu kwamba wimbo wake sasa unamuuliza swali ambalo hakuna mhakiki angeweza kumuuliza kwa ukali zaidi: je, bado uko ndani ya gari, au umekuwa miongoni mwa wanaolitazama?

Tunaamini kwamba hapa ndipo suala la uaminifu linapokaa. Halikai katika swali kama msanii aliuza wala kama aliacha. Linakaa katika uhusiano baina ya neno alilolisema na nguvu aliyoipata kwa kulisema. Chamillionaire hakuingia katika ukumbi wa wawekezaji kwa cheti. Aliingia kwa jina, na jina hilo lilijengwa na wimbo kuhusu kijana anayeshukiwa kabla hajatenda. Nguvu hiyo ni amana. Ikitumika kuwafungulia mlango wanaoshukiwa kabla hawajatenda, neno limeendelea kusemwa kwa lugha nyingine. Ikitumika kinyume chake, hata kama msanii angeendelea kurekodi albamu kila mwaka, neno litakuwa limesalitiwa.

Ushahidi wa upande wa kwanza upo. Mwaka 2019, pamoja na rapa mkongwe E-40, alitangaza shindano la kuwekeza katika kampuni changa zinazoongozwa na wanawake na watu wa jamii za wachache. Tendo hili linahitaji kusomwa kwa makini, kama tunavyousoma ubeti. Katika ulimwengu wa wafadhili wa teknolojia nchini Marekani, ambamo watu weusi ni wachache mno, kijana mweusi mwenye wazo naye hushukiwa kabla hajatenda. Hapewi nafasi ya kukosea wanayopewa wengine. Kumfadhili ni kumwondolea shaka hiyo. Tunaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba huo ni ubeti ambao Ridin' haukuwa nao: kinachofuata baada ya dereva kuachwa apite. Lakini ubeti mmoja mwema haufuti swali la madereva. Yote mawili yamo katika daftari la mtu mmoja, na mhakiki mwaminifu huyasoma yote mawili.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba kuingia kwa neno sokoni na kukatwakatwa na teknolojia si usaliti kwa yenyewe. Cha kuchunguzwa ni iwapo mtunzi aliibadili maana ili auze. Pili, kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha msanii abaki msanii, ingawa ina haki ya kudai deni la malezi, ambalo hulipwa kwa namna nyingi. Tatu, kwamba uaminifu wa msanii aliyehama hupimwa kwa kulinganisha matumizi ya nguvu yake na neno lililompa nguvu hiyo. Kwa kigezo hiki mfano wa Chamillionaire hautoi hukumu moja. Unatoa mtu aliyeutunza ujumbe wake mahali pamoja na kuuweka hatarini mahali pengine. Pengine hiyo ndiyo hali ya wengi.

Kuna athari kwa uhakiki wetu pia. Tumezoea kuufunga uchunguzi wa msanii pale kazi zake zinapokoma, na kuyaachia maisha yaliyobaki wanahistoria na magazeti. Katika zama ambapo malenga wa vijana wetu huanzia studio za mitaani na kuishia bungeni, kwenye matangazo ya biashara au katika kampuni za simu, zoea hilo linatunyima nusu ya matini. Utafiti unahitajika kuhusu waliohama katika Afrika Mashariki: walibeba nini kutoka katika tungo zao, na waliacha nini.

Kuhusu mwanafunzi wa semina, jibu letu limechelewa, kama ujumbe wa kinyonga, lakini ni hili. Hatakuwa amemwibia yeyote kwa kuacha kutunga. Mashairi aliyokwisha kuyaghani, hata hivyo, hayaachi kazi pamoja naye. Mojawapo lilihusu mwanamke wa sokoni aliyelipishwa na kila mwenye mamlaka aliyepita mbele ya kibanda chake. Siku moja, katika ofisi yake mpya, itawekwa mezani karatasi ya kupanga ada ambazo mwanamke yuleyule atakatwa kila anapotuma fedha kwa simu. Siku hiyo shairi lake litamhoji, naye atapaswa kuwa na la kulijibu.